Tuchague Kapo Ipi kwa Gitaa Letu?

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kuimba, bibi mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakivaa viatu. Alifungua mkoba wake, akatoa kitenge cha sare kilichofuliwa na kupigwa pasi, akakiweka juu ya benchi. "Wanangu," alisema, "mpeni mwingine. Sauti yangu imekwisha."

Tuliona haya. Kwa majuma kadhaa tulikuwa tumemwona akifungua kinywa tu bila sauti kutoka, nasi tukadhani ni uchovu, au labda meno yanamsumbua. Huyu ndiye aliyewafundisha wengi wetu kuimba sauti ya kwanza tulipokuwa bado wasichana. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kulikoni.

Miongoni mwetu tuko wauguzi wawili, na tulipaswa kulitambua jambo hili mapema. Mwanamke akishapita umri wa kupata hedhi, sauti yake hushuka. Nyuzi za sauti zilizomo kooni hubadilika, zikawa nzito kidogo, na zile noti za juu alizokuwa akizifikia bila taabu humponyoka. Lakini kushuka si kwisha. Tulipomwomba Bibi aimbe peke yake, bila gitaa, akaanzia anapopenda mwenyewe, aliimba beti zote nne, na wale waliokwisha kutoka nje wakarudi mlangoni kusikiliza.

Basi lawama haikuwa ya koo lake. Nyimbo zetu ndizo zilizokuwa juu mno, na zilikuwa juu kwa sababu ya gitaa.

Mazoezi yetu hufanyika chini ya mwembe, na kinanda cha kanisa hakitoki nje kwa kuwa kinategemea umeme. Anayetupigia gitaa ni binti wa mmoja wetu, mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye wakati ule alikuwa na miezi saba tu tangu ajifunze. Alijua mishiko ya G, C na D, basi kila wimbo ulikuwa do ikiwa G. Katika wimbo unaopanda mpaka so ya juu, akina bibi walikabwa. Mwalimu wetu alipomwambia binti ashushe, do iwe D, aliweza, maana mishiko ya D nayo ni myepesi; ila sasa wasichana walizama chini, maneno yakawa kama ya watu wanaozungumza kisimani. G ilikuwa juu mno, D ilikuwa chini mno. Kati ya hizo mbili ziko ngazi nne, lakini ili kusimama juu ya yoyote kati yake gitaa lilidai mishiko migumu ambayo vidole vya mtoto yule havikuwa tayari nayo.

Mwalimu alisema, "Tafuteni kapo." Tuliitafuta. Tukakosea mara mbili kabla ya kupata iliyotufaa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kapo ni kitu gani?

Huenda umeiona bila kujua jina lake. Ni kibanio kinachofungwa juu ya shingo ya gitaa kavu, kikazikandamiza nyuzi zote sita kwa pamoja. Tazama shingo ya gitaa: ina vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza, ambavyo wapigaji huviita freti. Kapo ikifungwa kwenye freti ya kwanza, gitaa zima linapanda kwa nusu sauti. Kwenye freti ya pili linapanda sauti nzima.

Sisi tuliozoea do-re-mi tunaweza kulielewa hivi: kutoka mi kwenda fa ni freti moja, na kutoka do kwenda re ni freti mbili. Kwa hiyo mpigaji akifunga kapo kwenye freti ya pili, do inahamia pale re ilipokuwa. Vidole vyake havina habari. Vinashika mishiko ileile ya jana, lakini wimbo umepanda.

Jambo moja tulilielewa kwa kuchelewa: kapo hupandisha tu, haishushi. Anayetaka kushusha wimbo hana budi kuanza na mishiko ya chini zaidi, kisha apandishe kwa kapo mpaka pale panapomfaa mwimbaji.

Jina lenyewe limetoka katika neno la Kiitaliano capotasto, yaani kichwa cha ubao wa vidole, na tayari liko katika maandishi ya Mwitaliano Giovanni Battista Doni ya mwaka 1640. Wahispania wapigao muziki wa flamenko walitumia kipande cha mti kilichofungwa kwa uzi na kukazwa kwa kigingi kama cha fidla. Marekani, fundi James Ashborn alipata hati ya kulinda ubunifu wa kapo yake mwaka 1850. Tunayasema haya kwa ajili ya vijana wanaomcheka mwenzao kwamba kapo ni gongo la asiyejua kupiga. Watu waliotumia kifaa hiki hawakuwa wanafunzi.

Na ipo ile kapo ya nyumbani: penseli na mpira wa kufungia noti. Baba wa yule binti aliposikia tunachanga fedha alicheka, akalaza penseli juu ya nyuzi, akaizungushia mpira mara tatu upande na upande, akasema, "Haya, kapo hii hapa, bure." Ilifanya kazi kwa wimbo mmoja na nusu. Kisha penseli ikajiviringisha, nyuzi mbili zikanyamaza katikati ya ubeti. Kwa kujaribu tu nyumbani, ili kujua kama wimbo unafaa kupandishwa, penseli si mbaya. Kwa ibada, hapana.

Kosa letu la kwanza

Tulimpa fedha kijana mmoja aliyekuwa akienda mjini. Hatukumpa gitaa, wala hatukumweleza ni gitaa la namna gani. Alirudi na kapo nzuri, nyeusi, inayong'aa. Tukaifunga. Nyuzi za katikati zilitoa sauti safi, bali ule mwembamba kabisa na ule mnene kabisa zilivuma kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa.

Tukamgeukia mtoto. Tulimwambia hakazi vizuri, hana bidii, ashike kama watu wanavyoshika. Mara ya tatu alilia, akaliacha gitaa kwenye kiti, akaenda kukaa na wadogo zake kwenye mizizi ya mwembe. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Wiki hiyo uzi mmoja ulikatika. Fundi wa magitaa alipozitoa nyuzi zote ili aweke mpya, aliweka rula wima juu ya shingo, kukatiza freti, akatuita tuchungulie. Rula ilikaa katikati tu. Pembeni, kushoto na kulia, mwanga ulipita. Shingo ya gitaa letu ina mgongo kidogo, imebinuka kama kigae. Kapo tuliyoinunua ilikuwa imenyooka kabisa kwa sababu ilitengenezwa kwa gitaa la nyuzi za nailoni, ambalo ubao wake ni bapa. Ndipo tukaelewa kwa nini nyuzi za pembeni zilivuma. Kapo haikuwa ikizifikia sawasawa.

Kinyume chake pia hutokea. Kapo iliyopinda ikiwekwa kwenye gitaa la nailoni, pembeni patabanwa na nyuzi za katikati ndizo zitakazovuma.

Tulikwenda nyumbani kwa binti yule, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Alituamkia, "Shikamooni," akainama. Akauliza kama kapo nyingine itakuja. Tukasema itakuja, na safari hii utakwenda nasi kuichagua.

Zilizoko madukani

Ya bei ya chini kabisa ni ya mkanda: fimbo fupi iliyovikwa mpira, yenye mkanda wa kuvutika unaozunguka nyuma ya shingo na kushikwa kwenye jino. Ni nyepesi mno, haikwaruzi gitaa, na mtoto mdogo aweza kuimudu. Ubaya wake ni kwamba mkanda hulegea kadiri miezi inavyopita, na kuihamisha kati ya wimbo na wimbo huchukua muda. Wakati wa ibada watu hawatangoja. Kwa mtoto anayejifunzia nyumbani, fedha zikiwa chache, tusiidharau.

Ya pili ni ya springi, ambayo hubanwa kwa mkono mmoja kama kibanio kikubwa cha nguo. Hii ndiyo utakayoiona mikononi mwa wapigaji wengi, kwa kuwa inafungwa na kufunguliwa kwa kufumba na kufumbua. Hata kabla mchungaji hajamaliza kutangaza wimbo, imeshahama. Lakini nguvu ya springi ni ileile siku zote, huwezi kuipunguza wala kuiongeza. Kosa letu la pili lilikuwa hapo. Tuliyonunua ilikuwa kali kama mtego wa panya. Iliufikia kila uzi, ni kweli, hakuna uliovuma. Ila ilizikandamiza nyuzi kupita kiasi, na uzi ukikandamizwa sana huvutika, sauti yake ikapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Chini ya mwembe hatukugundua. Jumapili tulipoimba pamoja na kinanda, hata watoto wa shule ya Jumapili walikunja nyuso.

Zaidi ya hayo, mkono wa binti ulishindwa kuifungua bila kutumia mikono yote miwili, na mama mmoja mwenye maumivu ya viungo vya vidole, ambaye alitaka naye ajifunze gitaa uzeeni, hakuweza kabisa. Usinunue kapo ya springi kwa kutazama mkono wa mwenye duka. Ana mkono wa mwenye duka.

Ya tatu ni ya skrubu. Nyuma yake pana kitufe cha kuzungusha, nawe unakaza taratibu mpaka nyuzi zilie safi, ukaishia hapo. Baadhi zina mkono wa kukunja: ukishaweka skrubu mara moja kwa kipimo cha gitaa lako, baadaye unakunja na kukunjua tu. Hizi hazina haraka ya springi, lakini hazivuti nyuzi nje ya sauti zikikazwa kwa kiasi, na mtoto hahitaji nguvu. Hii ndiyo tuliyochukua mwishoni. Tukiulizwa na mama mwenzetu anayetaka kununua kapo moja ya kudumu nayo, jibu letu ni hilo, ingawa wapigaji wepesi wa mkono watatubishia.

Ziko pia za bei kubwa, zinazojirekebisha zenyewe kwa umbo la shingo. Ni nzuri. Lakini kama nyuzi za gitaa zina kutu na hazijabadilishwa tangu mwaka juzi, fedha hizo zianzie kwenye nyuzi.

Twende na gitaa lenyewe

Akina mama, hatununui viatu vya mtoto kwa kubahatisha. Humchukua mtoto tukampima. Gitaa nalo lichukuliwe. Hata kama njia ni ndefu na daladala imejaa, lifungwe kwenye mfuko wake, liende.

Kwanza, jueni gitaa lenu ni la nyuzi gani. Nyuzi za chuma zinaonekana: zote ni za rangi ya fedha au shaba. La nailoni lina nyuzi tatu nyembamba zinazofanana na mshipi wa kuvulia samaki. Shingo ya gitaa la chuma, pale juu karibu na kichwa, kwa kawaida ina upana wa milimita 43 hivi, na ya gitaa la nailoni la mtu mzima hufika kama 52. Kapo fupi haitauvuka ubao wa gitaa la nailoni, na uzi wa mwisho utabaki nje. Mwambieni mwenye duka ni gitaa gani, naye akisema "hii inaingia magitaa yote", mjaribu kabla ya kumwamini. Gitaa la nyuzi kumi na mbili linahitaji kapo yenye nguvu zaidi. Ile ya mkanda haliwezi.

Pili, anayejaribu awe yule atakayeitumia. Aifunge na kuifungua mwenyewe mara tatu nne. Uso wake utawaambia.

Tatu, kabla ya kufunga kapo, nyuzi ziwekwe sawa kwanza. Siku hizi zipo programu za simu za kupimia sauti ya kila uzi, na nyingine ni za bure. Kisha kapo ifungwe kwenye freti ya pili, na uzi mmoja mmoja upigwe polepole, kuanzia mnene hadi mwembamba. Msipige nyuzi zote kwa pamoja, kwa kuwa kelele ya nyuzi sita huficha uzi mmoja mgonjwa. Sikilizeni kama upo unaovuma au kuzimika. Tazameni kwenye simu kama sauti imepanda kupita kiasi. Halafu ihamishiwe freti ya tano, ambako shingo ni pana na nene zaidi, mrudie yaleyale. Iko kapo inayokaa vizuri kwenye freti ya pili ikashindwa kwenye ya tano.

Mpira unaogusa nyuzi uguseni kwa kidole. Uwe mgumu kiasi, usio na mashimo, na usiwe umeanza kubanduka. Upande wa nyuma unaogusa shingo nao uwe umevikwa mpira, la sivyo chuma kitakula rangi ya gitaa. Ishikeni mkononi, mwone uzito wake. Kapo nzito huiinamisha shingo ya gitaa, na mtoto atapiga huku bega limeshuka upande mmoja. Sisi wauguzi hilo hatulipendi.

Namna ya kuifunga nayo ina maana yake, maana kapo nzuri ikifungwa vibaya itasemwa kuwa mbovu. Ikae karibu sana na freti, upande wa kichwa cha gitaa, lakini isipande juu ya chuma chenyewe. Iende sambamba na freti, isilale mshazari. Ikishafungwa, sauti ya nyuzi ipimwe tena.

Vidole vya mtoto

Mama mmoja alituuliza kama si vema mtoto ajifunze kwanza bila kapo ili vidole vikomae. Tunaona kinyume. Freti za karibu na kichwa cha gitaa ndizo zenye nafasi pana zaidi, na huko nyuzi mara nyingi ziko juu, hasa kwenye magitaa ya bei nafuu. Mtoto wa miaka tisa au kumi ananyoosha kiganja mpaka kinauma. Ukimfungia kapo kwenye freti ya pili au ya tatu, nafasi zinapungua, nyuzi zinakaribia ubao, naye anashika bila kukunja uso. Akikua, kapo itarudi nyuma, kisha itatoka.

Maumivu kwenye ncha za vidole katika majuma ya kwanza ni ya kawaida. Ngozi itajenga ugumu wake. Dakika kumi au kumi na tano, mara mbili kwa siku, zinatosha kuliko saa nzima ya machozi. Lakini kidole kikivimba, kikiwa chekundu au kikatoa usaha, gitaa likae pembeni na mtoto apelekwe zahanati. Na kiganja kikifa ganzi, au maumivu yakipanda hadi kwenye kifundo cha mkono, apumzike, kisha mtazame anavyokaa na anavyoshika.

Do iwe wapi?

Vitabu vingi vya nyimbo viliandikwa kwa ajili ya kinanda. Ndiyo maana nyimbo zake huwekwa kwenye E-flati, A-flati na B-flati, ambazo kwa mpigaji mchanga wa gitaa ni kama kupanda mnazi bila kamba. Kwa kapo njia hupatikana. Mshiko wa D na wenzake, kapo freti ya kwanza, ni E-flati. Mishiko hiyohiyo, kapo freti ya tatu, ni F. Mishiko ya G, kapo freti ya kwanza, ni A-flati, na freti ya tatu ni B-flati. Tuliyaandika haya kwenye kipande cha karatasi tukakibandika ndani ya mfuko wa gitaa. Binti alikariri kwa siku mbili.

Hata hivyo, kitabu si mfalme. Pale tulipofikia ni hivi: wimbo uimbwe kwanza bila gitaa na yule ambaye sauti yake ni finyu kuliko ya wengine, na kapo ifungwe palipo na sauti yake. Vijana wana nafasi kubwa, wao watamfuata.

Siku kapo ya skrubu ilipofika, binti alishika mishiko ya D, Bibi akaketi mbele yake. Alikuja kwa heshima tu, maana kitenge kilikuwa bado kwetu. Freti ya kwanza aliimba. Ya pili aliimba, kichwa akikiinua. Freti ya tatu aliimba bado, na wasichana nao sasa walikuwa wamefunguka, maneno yanasikika mpaka barabarani. Ya nne akanyamaza, midomo ikawa inacheza peke yake kama zamani, nasi safari hii tuliiona. Tukarudi freti ya tatu, tukamrudishia kitenge chake, tukafunga mazoezi kwa furaha.

Jumapili, ibada ya kwanza ya saa moja asubuhi, Bibi aliikosa ile noti ya juu. Si yeye tu, hata mama wawili wa makamo waliikosa. Tungalijua. Asubuhi nyuzi za sauti huwa zimevimba kidogo baada ya usingizi, tena koo ni kavu. Jumamosi saa kumi jioni kila mtu ameshazungumza na watoto, na wauzaji sokoni, na kuku, sauti imeshapata moto. Tangu hapo, wimbo wa ibada ya kwanza hushushwa freti moja kutoka pale tulipoupimia Jumamosi. Nasi hunywa maji kabla ya kuondoka nyumbani, si chai ya moto pekee. Aliyekwaruzwa na sauti asijilazimishe kuimba, wala asinong'one akidhani anapumzisha koo, maana kunong'ona nako hulichosha. Na ukwaruzo usiopona kwa zaidi ya majuma matatu usiachiwe tangawizi na asali, amwone daktari.

Kapo yetu sasa ina mwaka wa pili. Haiachwi imefungwa usiku kucha, kwa sababu mpira wake utachimbika na nyuzi zitachoka bure. Haiachwi kwenye gari lililoegeshwa juani. Jasho hufutwa kwa kitambaa kikavu baada ya mazoezi, maana huku kwetu hewa ina chumvi na skrubu hushika kutu upesi. Na kwa kuwa ni kitu kidogo cha kupotea, binti ameifungia uzi mwekundu, uzi uleule wa kufumia, na mwisho wa uzi umefungwa kwenye mfuko wa gitaa.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukijipanga nje kabla ya kuingia. Binti alimwamkia Bibi, naye alipokwisha kuitikia marahaba akamwinamia sikioni, kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Leo kibanio umekiweka chuma cha ngapi?"

"Cha pili, Bibi."

"Kiache hapohapo."